Springi za Land Rover ya Parokia



Parokia tuliyopangiwa kwa likizo ndefu ya mwaka huu iko mwambao wa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay, na ina gari moja. Ni Land Rover ya zamani, Series III ndefu, ile wanayoiita 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna inchi 109. Kadi yake inaonyesha mwaka 1977, wakati wazazi wetu wenyewe walikuwa bado shule ya msingi. Sisi mafrateri watatu tulitarajia kutembelea jumuiya ndogo ndogo, kufundisha watoto wa kipaimara na kusaidia hesabu za mavuno. Baba Paroko akatukabidhi kwa fundi mjini Mbinga. Tulikaa gereji kwake wiki tano, tukishika taa, tukipiga msasa, tukikata vyuma. Wenzetu hapa seminari wametuuliza mara nyingi kama hatukupoteza likizo, na tumeona tuwajibu wote kwa pamoja.

Kwanza hali ya gari. Injini yake ya kuzaliwa nayo, dizeli ya silinda nne ya lita 2.25, ilikuwa imefika mwisho. Silinda hedi ilipasuka, ikachomelewa, ikapasuka tena kando ya pale pale ilipochomelewa. Asubuhi ilitoa moshi wa bluu na mlimani moshi mweusi. Springi za nyuma zilikuwa na shida yake. Miaka kadhaa iliyopita fundi mwingine aliziongezea mabapa mawili mazito ya lori kila upande, ili gari lipandishe saruji ya kujenga kanisa la kigango. Kanisa limesimama na ni zuri. Lakini tangu siku hiyo gari likiwa tupu linaruka kama toroli.

Kwa asiyeijua nchi ile: kutoka Mbinga mjini barabara inashuka milima ya Umatengo, inayofikia mita 2,000 hivi, mpaka ziwani kwenye mita 475 hivi. Ukiteremka unaona mashimo ya ngoro yamepangwa mlimani mithili ya sega la asali, yakizuia maji na udongo visiende bondeni. Kahawa iko juu, mihogo na dagaa viko chini. Siku hizi lami inafika Mbamba Bay, na wazee wanaokumbuka safari za masika za zamani wanaitazama lami hiyo kama muujiza. Ndiyo maana wapo waumini waliouliza kwa nini parokia ihangaike na gari la mwaka 1977 wakati mabasi yapo. Jibu ni kwamba vigango haviko kwenye lami. Vingine viko nyuma ya mito ambayo mwezi wa tatu hubeba hata madaraja ya magogo. Serikali ina mpango wa m-mama, ambao mama mjamzito anapigiwa namba 115 bila malipo, na ambulansi isipopatikana hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni mpango mzuri sana. Lakini gari dogo la dereva wa jamii haliwezi kuvuka mto uliojaa.

Tulifika gereji na karatasi ya Baba Paroko yenye mistari miwili: kubadilisha injini, kurekebisha springi. Fundi ni mzee aliyejifunza kazi ujanani katika karakana za Peramiho, chini ya mabruda Wabenediktini. Aliisoma karatasi, akaikunja, akatuuliza, “Hili gari linambeba nani?”

Tukamwambia linabeba kila kitu: magunia, saruji, wanakwaya, wagonjwa, na Baba Paroko akienda vigangoni kwa Misa.

“Springi ya kila kitu haipo, Frateri. Rudini mkaulize. Nami nikiwa sijui springi, siwezi kuweka injini.”

Hilo la mwisho tulidhani ni maneno ya kutaka siku za ziada. Halikuwa hivyo, na tutalieleza mbele.

Basi Baba Paroko akaitisha kikao cha Halmashauri ya Walei, nasi tukakaa nyuma kama wageni. Mwenyekiti alisema kwa niaba ya wengi. Gari la parokia halina bajeti, linajilisha lenyewe. Linapandisha mbolea, linashusha mahindi, linabeba saruji na mabati, na fedha ya mizigo ndiyo inayonunua dizeli na matairi. Akasema jambo ambalo hatujaweza kulipinga hadi leo, kwamba gari lisilobeba mzigo halitakuwa na dizeli siku mgonjwa atakapolihitaji. Kwa hiyo aliomba springi ziongezwe ugumu, zifike tani moja na nusu.

Sista wa zahanati alinyoosha mkono. Alisimulia habari ya mama mmoja, masika ya mwaka jana, aliyekuwa na uchungu tangu usiku, mtoto amekaa vibaya tumboni. Walimlaza nyuma ya Land Rover juu ya godoro, safari ya hospitali ikaanza. Walipofika kwenye mawe baada ya mto, yule mama aliomba ashushwe. Alisema atatembea. Wakamshusha, akatembea sehemu ile yote ya mawe, Sista amemshika upande mmoja na mama mkwe upande wa pili, na gari likiwafuata nyuma, tupu, likirukaruka. Alifanyiwa upasuaji, na yeye na mtoto wako hai. Sista akakaa. Hakuomba springi ya aina yoyote.

Kikao kilinyamaza kwa muda. Kisha mzee mmoja akasema mgonjwa ni mara moja kwa mwezi, mzigo ni kila siku. Mama mmoja wa WAWATA akamjibu kwamba mara moja kwa mwezi ni mara kumi na mbili kwa mwaka, na akamwuliza kama angependa awahesabu kwa majina. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Tuseme neno kuhusu magari ya misioni, maana wengi wetu tumeyaona parokiani tangu utoto bila kuuliza yalianzaje. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani wa Shirika la Waoblati, Padre Otto Fuhrmann, alifariki katika nchi inayoitwa leo Namibia, akiwa ameugua mbali na hospitali na bila usafiri wa kumfikisha kwa haraka. Rafiki yake na mwanashirika mwenzake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, hakukubali jambo hilo lipite. Mwaka 1927 alianzisha nchini Ujerumani chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, na kazi hiyo inaendelea hadi leo. Mmoja wetu aliisimulia habari hii kwa Mwenyekiti baada ya kikao, akidhani itamaliza mjadala. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza kama huyo Padre Schulte alitoa na dizeli.

Uamuzi wa Baba Paroko ulikuwa huu: gari litengenezwe kwa ajili ya mgonjwa kwanza, na mzigo upewe kile kitakachobaki. Hakueleza sana. Alituma ujumbe kwa fundi kwa simu siku ile ile.

Sasa springi. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na springi za mabapa pembe zote nne, na iliendelea nazo mpaka mwaka 1983, ilipokuja One Ten yenye springi za mviringo. Springi ya mabapa ni vyuma vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja chini ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikafungwa katikati kwa boliti moja. Ni chombo rahisi ambacho fundi wa kijijini anaweza kukifungua, ndiyo maana kimedumu barabara zetu.

Siri iko katika unene wa bapa. Ukilifanya bapa kuwa nene mara mbili, urefu na upana ukabaki vile vile, ugumu wake haupandi mara mbili, unapanda mara nane. Mmoja wetu aliyesoma PCM kidato cha sita alikokotoa hili kwenye ukuta wa gereji kwa chaki. Yale mabapa mawili ya lori yalikuwa ya milimita 12, na ya gari lenyewe yalikuwa ya milimita 6. Maana yake, yule fundi wa zamani alipoongeza mabapa mawili ni kana kwamba aliongeza kumi na sita. Mzee alitazama hesabu ile, akachukua bapa la milimita 6 akalibana kwenye jiliwa, akaliingiza bomba refu na kulipinda kwa mkono mmoja. Akafanya vivyo hivyo kwa bapa la lori, akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote, miguu ikaacha ardhi. Bapa halikumjali. “Mmeandika vizuri,” akasema.

Alichofanya ni hiki. Alitoa mabapa ya lori yote. Mabapa ya kawaida yaliyokuwa yamelala alirudishia mpindo wake kwa kuyagonga baridi juu ya fuawe, mapigo madogo madogo kutoka katikati kwenda ncha, siku mbili nzima. Tulimwomba atumie moto wa mkaa ili kazi iende haraka, akakataa. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikitia jikoni na kukiacha kipoe chenyewe kinakuwa chuma cha dirisha. Aliongeza mabapa membamba mpaka yakawa tisa, akapaka grisi kati ya kila moja ili yateleze yasisagane. Kisha akakata bapa moja fupi kutoka kwenye yale ya lori na kulifunga chini kabisa, likiwa limenyooka, ncha zake hazigusi kitu. Kati yake na mabapa ya juu palibaki nafasi ya vidole viwili. Gari likiwa na mgonjwa tu, yanafanya kazi mabapa membamba na lile nene halijui lolote. Ukipakia magunia, springi inashuka, inalikuta lile bapa, na kuanzia hapo wanabeba wote. Akabadilisha na bushi zote za mpira na kuweka shokapu mpya, kwa kuwa mabapa laini bila shokapu humfanya mgonjwa atapike.

Ndipo tukaelewa kwa nini springi ilitangulia injini. Injini iliyopatikana ni Toyota 2L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,446, iliyotumika, iliyonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, kwa michango ya jumuiya na debe moja la mahindi kwa kila kaya iliyoweza. Ilifika Mbinga kwenye lori lililokuwa linafuata kahawa. Mzee aliifunga mbele kwa mbao tu, ikining'inia kwenye chenibloku, kisha akafungua springi za mbele na kubakiza bapa moja moja. Tukainua ekseli kwa jeki mpaka ikagota juu, kama inavyofanya gari likianguka shimoni. Difu ya mbele ikakita kwenye sampu ya oili. Springi ngumu ingezuia ekseli isipande kiasi hicho, na injini ingekaa hapo bila shida. Kwa springi laini tuliyochagua, siku ya kwanza barabarani sampu ingetoboka.

Kwa hiyo sampu ilikatwa upande mmoja na kuchomelewa upya, na mzee akatuonyesha namna ya kupima kama inavuja: unapaka chaki kwa nje, unamimina mafuta ya taa ndani, unasubiri. Palipo na tundu hata la sindano chaki inaloa. Ililoa sehemu tatu. Tulichomelea, tukapaka, tukasubiri tena, na mara ya nne ikabaki nyeupe mpaka asubuhi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuiunganisha injini ya Toyota na gia boksi ya Land Rover, vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana. Matundu ya boliti hayalingani hata moja. Mzee alichora mdomo wa kila kimoja kwenye boksi la katoni, akaupachika mchoro mmoja juu ya mwingine, kisha tukapeleka Songea kwa fundi kereza bamba la chuma la milimita 20 litobolewe kwa mashine. Shida si matundu, shida ni katikati. Shafti ya gia boksi lazima iingie katikati kabisa ya injini. Ikipotoka nusu milimita tu gari litawaka na kutembea vizuri, na baada ya miezi michache beringi zitakwisha na klachi itakufa, tena mbali na nyumbani. Mzee alitumia saa ya kupimia, akazungusha injini kwa mkono, akasogeza bamba kwa kuligonga na nyundo ya mbao, akazungusha tena. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja jioni alikaza boliti na kutoboa matundu mawili ya pini ili bamba lisihame kamwe. Hakula mchana ule, wala hakutukataza sisi kula.

Tukiwa bado gereji, mmoja wetu alileta lile swali linalopendwa darasani, la meli ya Theseus iliyobadilishwa mbao zote moja baada ya nyingine: je, ni meli ile ile? Akauliza kama hii bado ni Land Rover ya parokia. Mzee alisema swali hilo tuwapelekee TRA. Na kweli, kwa TRA gari ni chesisi. Namba ya injini hubadilishwa kwenye kadi na maisha yanaendelea. Tunakiri tangu hapo swali lile limepungua utamu kwetu.

Lililotukaa ni jingine. Katika Fizikia, kitabu cha pili, Aristotle anataja sababu nne za kitu: kile kinachokifanya kwa maana ya malighafi, umbo lake, mtendaji wake, na kile ambacho kwa ajili yake kipo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka hii ya mwisho juu ya zote, kwa kuwa ndiyo inayozifanya zile nyingine tatu kuwa sababu. Tulilijua hilo na tulilipatia alama nzuri. Lakini mfano wa darasani ni sanamu ya shaba, na sanamu hata ikikosewa kusudi haimvunji mtu mgongo. Kwa springi, kusudi linageuka milimita. Ukisema “mzigo” unakata bapa la milimita 12, ukisema “mgonjwa” unakata la 6, na ukikataa kusema, mwenzako atakuchagulia, kama alivyofanya yule wa saruji, ambaye hakuwa mtu mbaya wala fundi mbaya. Aliulizwa habari ya saruji akajibu habari ya saruji. Sisi tunaosomea upadre tutakabidhiwa magari, na pamoja nayo zahanati, shule, mashamba na akaunti za benki. Tunadhani kuna mambo mengi parokiani yanayoumiza watu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, kwa sababu tu swali la mzee halikuulizwa, au liliulizwa mbele ya wenye magunia peke yao. Hili tunalisema kwa unyenyekevu, lakini tunalisema.

Hatutaki pia kumdharau Mwenyekiti. Hoja yake bado imesimama. Gari lenye springi laini linapata fedha kidogo, na mwezi wa tatu utakapofika dizeli itatakiwa. Baba Paroko ameanzisha kapu la dizeli Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Tulipoondoka lilikuwa limepitishwa mara mbili, na mara ya pili lilikuwa jepesi kuliko ya kwanza.

Gari liliteremka Mbinga hadi ziwani siku ya Alhamisi. Mlimani halikutoa moshi. Mwenyekiti alikuwa tayari ameandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa nyuma: MWISHO MAGUNIA 10. Kesho yake mzee, aliyekuja nasi kwa majaribio, alitaka kuweka ndoo ya maji nyuma na kuona itamwagika kiasi gani kwenye mawe. Sista alisema ndoo haina mgongo. Akapanda, akalala juu ya godoro chali, akajifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi, akatuambia tuendeshe mpaka mtoni na kurudi, na tusipunguze mwendo kwa ajili yake.

Tuliporudi alikaa kidogo kabla ya kushuka. “Ni gari jingine kabisa,” alisema. “Lakini pale kwenye mawe nimeumia, nami ni mzima.”

Mzee hakubisha. Alilala chini ya gari palepale uwanjani mwa kanisa, akafungua springi za nyuma, akatoa bapa moja jembamba kila upande, na kulishusha lile nene kwa kipande cha chuma ili lichelewe zaidi kugusa. Saa tisa Sista alilala tena godoroni, wakaenda mtoni, wakarudi. Safari hii alishuka mwenyewe bila kusema kitu na kwenda zahanati, watu walikuwa wanamsubiri.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kivulini muda wote. Alimwuliza mzee sasa ni magunia mangapi. Mzee akamwambia manane, na yasiwe ya lumbesa. Mwenyekiti akaomba petroli kidogo na kitambaa, akaifuta ile 10 mwenyewe, akaandika 8. Rangi ilichuruzika chini ya ile namba. Akaitazama, akaiacha hivyo hivyo.